Pilau Njeri ya Texas

Niseme mapema ndio tusisumbuane baadaye: nikisikia mtu anasifu chakula eti ni "halisi", mimi hushika mfuko wangu kwanza. Hilo neno halijawahi kunipunguzia bei hata siku moja. Ukiliona kwenye menyu jua sahani imekuwa ndogo, kiti kimekuwa kigumu, na kuna mtu atakuja kukuelezea chakula kabla hujaruhusiwa kukigusa.

Nalitaja juu limefika mtaani kwangu. Limefika kwa hoteli yenye nimekula karibu kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka miwili, na mimi mwenyewe nimeombwa nilisaidie kuingia. Kwa malipo. Nitafika hapo.

Wale mmenifuata kitambo mnajua mimi ni mtu wa Umoja na niko Arlington, Texas, kwa masomo. Wale wapya: Arlington iko katikati ya Dallas na Fort Worth. Ni mji wa watu karibu laki nne, una uwanja wa mpira wa Kimarekani wenye unaweza kumeza Kasarani, lakini hauna mabasi ya kawaida. Fikiria Nakuru bila matatu hata moja. Kuna vigari vya kuitisha kwa simu, sawa, ila kama huna gari lako, mtaa wako unaishia pale miguu imechoka. Miguu yangu inafika duka la kufulia nguo, duka la tairi, na katikati yao hoteli ya Tex-Mex yenye ubao umepauka na jua mpaka herufi mbili hazisomeki. Hoteli ya kula, si ya kulala.

Siku ya kwanza sikuenda kula. Nilikuwa nimepeleka nguo, mashine inachukua dakika arobaini, na nje ni Agosti ya Texas, ile joto yenye hata ndege wanagombania kivuli cha gari. Mlango wa jirani ukafunguliwa, harufu ikatoka. Pilau! Ile bizari nyembamba, ile ya pilau, ikipigwa na mafuta moto. Harufu ya harusi, ya Idd kwa majirani wetu pale Umoja, ya mazishi pia tukiwa wakweli. Nilikuwa na wiki sita huku na hakuna kitu pua yangu ilikuwa imetambua. Niliingia nikiwa bado nimeshika chupa ya sabuni.

Haikuwa pilau, bila shaka. Ilikuwa mchuzi mzito wa rangi ya matofali, wanaupika na mafuta, unga kidogo, pilipili kavu ya kusaga na hiyo bizari yetu, halafu wanaumwaga juu ya enchilada. Enchilada ni tortila ya mahindi imeviringishwa na jibini ndani. Lile jibini la njano la Kimarekani lenye likipata moto linavutika kama gundi, si jambo la heshima hata kidogo, na ni tamu kupindukia. Pembeni wali mwekundu wa nyanya, na maharagwe yaliyochemshwa, yakapondwa, yakakaangwa. Niliyaonja nikaweka uma chini. Madondo. Yamepondwa, lakini hayo ni madondo, na hiyo tortila ya ngano wanayokuletea imefungwa kwa kitambaa ili isipoe ni chapo. Nyembamba kuliko yetu, haina zile karatasi karatasi za ndani, lakini ukiiraruka na vidole kuokota maharagwe, mkono wako haujui uko bara gani.

(Wasomaji wangu wa Eastleigh na Mombasa: uliza kwanza. Sehemu nyingi hayo maharagwe yanakaangwa na mafuta ya nguruwe. Hapa kwangu wana sufuria mbili, na ukiuliza hakuna mtu anakununia.)

Jioni mathe akapiga simu.

"Umekula nini leo?"

"Taco, mum."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Umekula nini?"

"Taco. Na c, mum. Ni kama chapati ndogo imekunjwa na nyama ndani."

"Sasa si useme chapati na nyama. Na huyo shosho yako usimwambie hilo jina lingine."

Mpaka leo nyumbani inaitwa chapati na nyama.

Kitu cha pili cha kujua kuhusu hizi hoteli ni kwamba ukikaa tu, kabla hujasema lolote, unaletewa kikapu cha vipande vya tortila vya kukaangwa, vikavu, na bakuli la salsa. Bure. Kikiisha kinajazwa, bure tena. Mara ya kwanza nilikataa nikadhani ni ile janja ya kukuwekea kitu mezani halafu unakikuta kwenye bili. Mama anayehudumu akacheka, akakisukuma karibu nami, akasema kula, mijo.

Mijo maana yake ni mwanangu. Anawaita watu wote hivyo, hata wale wazee wa duka la tairi, hata polisi. Nilijua hiyo haraka, na haikunipunguzia kitu. Mwezi wa Novemba, mitihani imenibana, nimeshinda siku mbili bila kuongea na mtu kwa sauti, kusikia mtu anakuita mwanangu huku anakupangusia meza ni kama dawa ya kikohozi. Yeye amefanya kazi hapo miaka kumi na tisa. Anajua nani hatakiwi chumvi. Anajua mimi ni namba saba: enchilada mbili, taco moja, wali na maharagwe, dola kumi na moja na senti kadhaa. Ndiyo, hiyo ni kama shilingi 1,400, najua, huko hizo ni chapo madondo za siku ngapi. Huku ni bei ya mtu wa chini, na unashiba mpaka kesho yake.

Ongeza tipu, na tipu si hiari kama wengi wenu mnavyofikiria. Texas inaruhusu mhudumu anayepokea tipu alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa. Hicho kiwango ni cha kitaifa na hakijapanda tangu 1991. Mimi sikuwa nimezaliwa. Tipu zisipofika, mwajiri anafaa kujazia hadi dola 7.25, lakini kimsingi yule mama analipwa na meza, si na hoteli. Shikilieni hiyo, nitairudia.

Sasa tuingie kwa hii maneno ya halisi.

Kuna jamaa tunasoma naye, wazazi wake walitoka Oaxaca, kusini mwa Meksiko, yeye amekulia Los Angeles. Nilimpeleka pale nikijivuna kama mtu anayempeleka mgeni kwao. Aliangalia namba saba yangu, akaangalia lile jibini la njano, akaniambia, bro, hii si chakula cha Meksiko. Hakukuwa na dharau, alikuwa ananihurumia tu, vile ungemhurumia mtu anayesifu Kenya na hajawahi kutoka uwanja wa ndege. Akanieleza michuzi ya bibi yake, pilipili za aina sita, siku mbili za kazi. Bizari nyingi hivi kwao hakuna. Jibini la njano ndio kabisa.

Na kwa hayo yote hakudanganya. Ni chakula tofauti. Shida yangu ni ile hatua inayofuata, yenye watu huivuka bila kuangalia barabara: kwamba kwa sababu si kile, basi ni feki.

Yule mama alikuwa anapita na birika la maji. Alisikia. Hakukasirika, alisema tu kwamba familia ya babu yake ilikuwa Texas kabla Texas haijawa Marekani. Kuna msemo wao huku wanausema sana, kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliwavuka. Na ni historia, si maringo: hii ardhi ilikuwa ya Meksiko mpaka 1836, ikajitangazia uhuru, 1845 ikaingizwa Marekani, vita vikafuata, na watu waliokuwa wamelala kwao wakaamka ni wageni. Mtu wa Busia ama wa Vanga hahitaji kuelezewa hii mara mbili.

Hao ndio walipika Tex-Mex. Walikuwa na mahindi, maharagwe, nyanya na pilipili, vitu vya asili ya huko kwao. Wahispania walikuwa wameleta ng'ombe, ngano, jibini na bizari. Halafu wakazungukwa na Wamarekani wenye jibini la kiwandani, wakalitumia pia. Unapika na kile kiko.

Nilisoma juu ya San Antonio nikashindwa kulala. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1800, wanawake wa huko walikuwa wanakuja kwenye viwanja vya jiji jioni na masufuria ya nyama ya pilipili, wanawasha taa, wanapanga mabenchi, watu wa kila tabaka wanakula hapo mpaka usiku. Waliitwa malkia wa pilipili. Watalii walisafiri kuwaona. Na jiji likawafanya nini? Miaka ya 1930 kuingia ya 1940 wakuu wa afya wakawabana mpaka wakaisha viwanjani. Kanjo, wasee. Kanjo wako kila mahali, wanabadilisha sare tu. Aliyewahi kuona sufuria ya mama wa githeri ikipakiwa kwenye ile landrova ya kaunti anajua hiyo hadithi bila kusoma.

Fajita nayo ni ile ile ya mutura. Ni kipande kigumu cha nyama ya tumbo la ng'ombe, kile wenye ranchi hawakukitaka, walikuwa wanawapa wachunga ng'ombe wa Kimeksiko kama sehemu ya malipo. Wao wakaichoma, wakaikata nyembamba, wakaikunja kwa tortila. Mwaka 1973 mama mjane huko Houston, Ninfa Laurenzo, alifungua hoteli ndogo ya meza kumi kwenye kiwanda chake cha tortila na akaanza kuwauzia watu hiyo nyama ya mkaa. Leo fajita ndiyo kitu ghali kwenye menyu. Inaletwa ikifoka moshi kwenye chuma, watu wanageuza shingo. Nachos zilizaliwa Piedras Negras, upande wa Meksiko wa mto, miaka ya 1940, jamaa anaitwa Ignacio Anaya alipopata wateja kutoka ng'ambo ya Texas na jikoni hakuna mpishi. Kwao ukiitwa Ignacio, jina la mtaani ni Nacho. Ndio hiyo. Na hata Tex-Mex lenyewe lilikuwa kifupisho cha jina la reli ya Texas na Meksiko kabla halijawa la chakula.

Reli. Kumbukeni hiyo reli.

Aliyeweka mstari mkali kati ya chakula cha Meksiko na hiki cha mpakani alikuwa Diana Kennedy, Mwingereza aliyeishi Meksiko miaka mingi, kwenye kitabu chake cha mapishi cha 1972. Alifanya kazi kubwa, alizunguka vijijini, aliwasikiliza akina mama wa huko, na vyakula vya mikoa ya Meksiko vikapata heshima vilivyonyimwa. Sina ugomvi na hiyo sehemu. Lakini kwa upande huu wa mto, sahani ya yule mama anayenihudumia ikabaki na sifa ya kuwa kopi mbaya. Na sahani yenye sifa ya kopi mbaya haiwezi kuuzwa bei nzuri, hata kama bibi ameamka saa kumi alfajiri kukanda unga.

Hapo ndipo kijana wa mwenye hoteli anaingia, na sitaki mumuone kama adui kwenye hii hadithi. Ako na miaka kama thelathini, amesomea biashara, baba yake ana goti bovu na bibi yake bado ndiye mkono wa tortila. Aliniita mezani mwezi jana juu anajua huwa natengeneza video. Akanifungulia simu yake akanionyesha hesabu. Kodi ya hoteli imepanda. Nyama imepanda. Kile kikapu cha bure peke yake kinakula mafuta na mahindi ya pesa yenye nilishtuka kuiona. Lakini akipandisha namba saba kwa dola mbili tu, watu wanalalamika, wanasema kwani Tex-Mex tangu lini. Barabara ya pili kumefunguliwa hoteli inauza taco tatu ndogo za mahindi ya bluu kwa dola kumi na nane, na watu wanapiga foleni wakipiga picha.

Kwa hivyo mpango wake ni huu. Menyu mpya, "Meksiko halisi", sahani nane badala ya arobaini. Kikapu hakitakuwa cha bure. Namba zote za zamani zinaondoka. Wateja wanaagiza kwa simu kupitia kile kimraba cha kupiga picha, na wahudumu kutoka watano wanabaki wawili. Aliniambia ataniachia dola mia tatu nikitengeneza video ya kuizindua.

Dola mia tatu kwangu si mchezo. Ni zaidi ya nusu ya kodi yangu ya mwezi. Nilimwambia anipe siku tatu, nikaenda nyumbani na hesabu zake kichwani, na huwezi kuzipinga kwa kusema "lakini nimezoea". Mazoea yangu hayalipi kodi yake.

Nikafikiria pilau njeri.

Kwa yeyote asiyejua, pilau njeri ni ile ya bara. Wali wenye rangi kidogo, viungo vya kubahatisha, waru mbili tatu, nyama ni ya kuombewa. Mtu wa Pwani akiiona anashika kichwa. Hilo jina lenyewe ni utani, ni kumwambia Njeri wa huko juu kwamba hii kitu hujui. Na tunacheka, mimi pia nacheka, pilau ya Mombasa haina mpinzani. Lakini nikikumbuka sherehe zetu, mtoto wa jirani akipita darasa la nane, mathe na wenzake watatu nyuma ya ploti na sufuria kubwa wakigombana juu ya maji, hiyo ndiyo pilau yenye mimi nimelelewa nayo. Haikuwa inajaribu kuwa ya Mombasa ikashindwa. Ilikuwa inajaribu kulisha watu sitini na kilo mbili za nyama, na ilifaulu.

Na chapo je? Chapati ililetwa na Wahindi. Wengine walikuwa Pwani kitambo kabisa, wengi zaidi walikuja na ujenzi wa reli ulioanza Mombasa 1896. Sisi tukaichukua, tukaijaza mafuta, tukaizungusha kama konokono ndio itoke na karatasi, tukaikandia maji moto, wengine karoti, wengine malenge. Mpe chapo ya Umoja mtu wa Gujarat uone vile atakuangalia. Ameshawahi kutokea mtu akawaambia si chapati halisi? Mbona hamkulia? Juu hakuna mtu alitushawishi kwamba Krismasi yetu ni kopi.

Halafu mahindi, jamani. Ugali tunaapa nao, mtu akikosa ugali siku mbili anasema hajala. Mahindi ni ya Meksiko. Yalilimwa huko kutoka kwa nyasi ya porini miaka kama elfu tisa iliyopita, yakatufikia sisi kwa meli za wageni, na tukayapa jina lenye India ndani yake. Kwa hivyo chakula chetu cha asili kabisa kilitoka kwa majirani wa huyu mama, kikapewa jina la watu wengine. Maharagwe yale yale. Nyanya na pilipili za kachumbari pia, na ile kachumbari mbichi wanayoweka juu ya taco huku, nyanya, kitunguu, dania, pilipili na ndimu, mimi siku ya kwanza nilimwomba mama aniongezee nikiiita kachumbari, na akaniongezea bila kuuliza.

Siku ya tatu nilirudi. Nilimwambia kijana kwanza mambo ya pesa, juu hapo ndipo anasikia. Nikamwambia ile hoteli ya taco za bluu inauza kitu yeye hawezi kuuza: wapishi wao wametoka huko ndani Meksiko na wanajua wanachofanya. Yeye akianza kuuza Oaxaca, na jamaa wangu wa Oaxaca aje aonje, atamhurumia mara ya pili. Lakini hakuna mtu kwenye hiyo barabara ana bibi wa miaka themanini anayekanda tortila za ngano kwa mkono nyuma ya ukuta wenye wateja hawauoni. Miaka yote nimekula hapo, na bibi nimemwona mara nne, akienda chooni.

"Toboa ukuta," nikamwambia. "Weka kioo. Halafu pandisha bei."

Akasema watu hawatalipa kwa Tex-Mex.

Nikamwambia hawajawahi kuambiwa ni ya nani. Namba saba haina jina, ni namba. Iandike jina la bibi, iandike alitoka mji gani wa mpakani, andika ule mchuzi unachukua saa ngapi. Nikamwambia pia kwamba kikapu akikiuza ameua hoteli, juu kile kikapu ndicho kinamfanya mtu akae, na mtu akikaa ndio anaagiza. Punguza ukubwa kama ni lazima. Jaza mara moja, si mara tatu. Na kuhusu wahudumu nilimwambia vile nilivyoona, kwamba wateja wake wa Jumamosi hawaji kwa kimraba cha simu. Wazee wa duka la tairi hata hawajui kupiga hiyo picha. Wanakuja kuitwa mijo.

Hapo hakunijibu. Aliangalia upande wa kaunta, na yule mama alikuwa pale anapanga chupa za pilipili, na sijui kama anajua kuna orodha yenye jina lake halimo. Nilitaka kuuliza nikashindwa. Si hoteli yangu. Mimi ni mteja wa dola kumi na moja mwenye maoni mengi.

Nilichomwambia mwisho ni kwamba video nitafanya, lakini neno "halisi" halitatoka kwa mdomo wangu. Akasema basi nifanye moja ya bibi, aone. Nikaingia jikoni kwa mara ya kwanza. Bibi haongei Kiingereza sana na mimi Kihispania changu ni cha kuomba maji, kwa hivyo nilinawa mikono nikachukua donge la unga nikaanza kulisukuma vile mathe alinifundisha, na mpini wa kusukumia, duara kutoka katikati kwenda nje. Yangu ilitoka kama ramani ya Sudan. Bibi aliichukua, akaizungusha mara mbili kwenye viganja, ikawa duara. Nikamwonyesha vile sisi tunapaka mafuta, tunakata, tunaviringisha konokono, tunasukuma tena. Aliniangalia kwa makini kama mtu anayetazama wizi. Tukaitupa kwa chuma. Ilivyofura na kuachana karatasi, aliinyofoa kipande, akala, akasema neno kwa mjukuu wake.

"Anasema mafuta ni mengi sana," kijana akanitafsiria. Bibi alikuwa anachukua kipande cha pili.

Video ni ya sekunde hamsini, mikono tu na sauti ya chuma, hakuna muziki. Nimempa bure kwa sasa. Akiitumia kwa menyu ya zamani nitamdai mia tatu zangu, akiitumia kwa ile mpya nitaiomba nyuma, na hiyo tumekubaliana kwa mdomo mbele ya baba yake. Mzee alikuwa amekaa na goti juu ya kiti kingine, hakusema kitu kuhusu mipango yote hii, aliuliza tu kama nimekula.

Menyu inaenda kuchapishwa mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyopita namba saba bado ilikuwepo, kikapu bado ni cha bure ila kimekuwa kidogo, na kuna mtu amechora na kalamu nyekundu mraba mkubwa kwenye ule ukuta wa jikoni, futi nne kwa tatu hivi. Niliuliza ni wa nini. Mama akasema hajui, ameambiwa asiufute.